Fundi Atakuwa Amepita

Jumatatu, 4 Novemba

Hita ya maji imekufa alfajiri nikiwa na sabuni kichwani. Haikutoa mlio wala harufu. Taa yake nyekundu ilizimika, na maji yakaanza kutoka kama yametekwa mto Rhône, hapa Lyon, dakika hiyo hiyo. Nikamalizia kuoga kwa kasi.

Saa tatu nimepiga simu kwa wakala anayesimamia nyumba. Dada wa mapokezi, mwenye sauti ya upole sana, ameniambia: "Dès que le technicien sera passé, vous aurez de l'eau chaude." Yaani fundi akishapita tu, maji ya moto utayapata. Nimemshukuru kwa dhati. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba hakusema fundi atapita lini. Sentensi yake ilikuwa imeshammaliza fundi na kuhamia kwenye maji.

Jioni, darasa la Kifaransa. Mwalimu ameandika ubaoni futur antérieur, wakati ujao timilifu. Unachukua kitenzi kisaidizi, avoir au être, unakiweka katika wakati ujao, kisha unakifuatisha na participe passé, lile umbo la kitenzi la jambo lililokwisha. J'aurai mangé, nitakuwa nimekula. Tu auras fini, utakuwa umemaliza. Elle sera partie, atakuwa ameondoka. Akaomba mfano kutoka maishani mwetu. Nimemtolea sentensi ya dada wa mapokezi. Ameisifu, ameiandika kwa kalamu ya kijani na kupigia mstari sera passé. Darasa zima limeinakili.

Nimerudi nyumbani nikachemsha maji kwenye sufuria ya wali.

Jumatano, 6 Novemba

Leo mwalimu amechora nyumba. Anasema vitenzi karibu vyote hushika avoir, isipokuwa kikundi kidogo kinachoshika être, na hicho Wafaransa hukichorea nyumba ili mwanafunzi asikisahau. Wanaiita la maison d'être. Mlangoni mtu anafika, mwingine anaingia. Kwenye ngazi mmoja anapanda, mmoja anashuka. Dirishani yupo anayeanguka. Chumba cha juu mtu anazaliwa, chumba cha pili mtu anakufa, sebuleni yupo aliyebaki. Nje kuna wanaoondoka na wanaorudi.

Nimeitazama nyumba hiyo kwa muda mrefu. Hakuna anayekula humo, wala kupika, wala kulala, kwa sababu manger, cuisiner na dormir vyote ni vya avoir. Wakazi wake wanapanda na kushuka ngazi mpaka wanakufa. Ni nyumba yangu kabisa, na mimi nakaa ghorofa ya tano bila lifti.

Kuoga kunaingilia mlango wa nyuma. Kitenzi chochote kinachomrudia mtendaji mwenyewe nacho hushika être, kwa hiyo je me serai lavé, nitakuwa nimeoga. Mwalimu ameniomba niitumie katika sentensi kamili yenye siku na saa. Nimemjibu nitaileta ikipatikana.

Alhamisi, 7 Novemba

Nafanya kazi ya muda jikoni, kwenye mgahawa mdogo. Mpishi mkuu ameniwekea ndoo ya viazi na kusema: "Quand tu auras fini les patates, tu attaques les oignons." Ukishamaliza viazi, vamia vitunguu. Nikamjibu: "Quand je finis, je vous appelle."

Kwa Kiswahili nilikuwa nimemaliza yote. Nikimaliza nitakuita, basi, kila mtu ameelewa na viazi vinamenywa. Hiyo -ki- ndogo inabeba mzigo wote bila kulalamika. Kifaransa hakiridhiki. Yakiwapo mambo mawili yajayo, moja likamtangulia mwenzake, hilo la kwanza sharti ligongwe muhuri kwamba litakuwa limekwisha kabla la pili halijaanza. Ndiyo maana baada ya quand, lorsque, dès que, aussitôt que na une fois que wanaita wakati huu wa maneno mawili. Mimi nilikuwa nimesema kitu kinachokaribia "kila ninapomaliza huwa nakuita."

Mpishi ameweka kisu chini akaniuliza: "Kila siku?"

Nimevamia vitunguu.

Ijumaa, 8 Novemba

Fundi amepangwa kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Nimeweka kiti ukumbini, hatua moja kutoka mlangoni, nikakaa na kitabu cha mazoezi. Saa nne nimefanya zoezi la kukanusha: je n'aurai pas fini, sitakuwa nimemaliza. Hiyo pas inakaa katikati, baada ya kisaidizi. Saa tano nimefanya la kuuliza: aura-t-il fini? Hiyo t wameiweka ili irabu mbili zisigongane, na maana haina. Saa sita zikagonga.

Nikashuka ghorofa ya tatu kwa mama wa Bukavu, ambaye ndiye mtu pekee jengoni anayejua Kifaransa changu kinataka kusema nini. Nimemwamkia shikamoo, akaniitikia jambo, kama kawaida yetu, na kila mmoja akaridhika. Nikamweleza. Akanijibu kwanza kwa Kifaransa, kama anayezungumza na wakala: "Il aura eu un empêchement." Kisha akaniambia mimi: "Ule fundi hatakuya, mwanangu."

Sentensi yake ya kwanza nimeiandika. Wakati ujao umetumika kwa jambo la asubuhi iliyopita ambalo msemaji hakuliona. Atakuwa amepata dharura. Il aura oublié, atakuwa amesahau. Il aura manqué son train, atakuwa amekosa treni. Hapa Kifaransa na Kiswahili wameketi mkeka mmoja. Darasani wenzangu walihangaika sana na matumizi haya, mimi nikakaa kimya kwa heshima. Kwetu Tanga mtu akichelewa kwenye harusi, ukumbi mzima hukisia kwa "atakuwa", na mara chache sana hukosea.

Jioni nimekuta karatasi kwenye sanduku langu la barua. Fundi alifika saa nne na dakika kumi. Hakukuta mtu.

Nimeijaribu kengele yangu. Inalia vizuri. Jirani wa mkabala amefungua mlango wake kuuliza nataka nini.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda bwawa la kuogelea la umma. Nilikuwa nimesoma kwamba pale kuoga kwa sabuni ni lazima kabla ya kuingia bwawani, na hilo la kabla ndilo nililolifuata. Maji ya moto yapo. Mvuke nimeuona kupitia kioo.

Mlinzi ameitazama bukta yangu. Mabwawa mengi ya umma Ufaransa hayaruhusu bukta. Wanataka nguo ya kuogelea ya kubana, na hapa wanataka na kofia ya mpira. Akaniambia kwa adabu kubwa: "Une fois que vous aurez mis un maillot et un bonnet, vous pourrez entrer." Sarufi safi kabisa: utakuwa umevaa, ndipo utaweza kuingia. Akanionyesha mashine ya kuuzia nguo ukutani. Imebaki moja, ya mtoto wa miaka 8, yenye picha ya pomboo.

Kofia nimenunua. Nimerudi nayo nyumbani.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikukuu ya kumaliza vita vya 1918. Kila kitu kimefungwa, pamoja na wakala. Simu yao inasema watafungua wakishafungua.

Jumanne, 12 Novemba

Barua kutoka kwa wakala. Ina mistari miwili yenye maana, na mwisho ina bili ya safari ya bure ya fundi.

Mstari wa kwanza: "Le technicien s'est présenté." Fundi alifika. Mstari wa pili: "Le locataire serait resté chez lui."

Niliisoma mara ya kwanza kwa furaha. Niliona sera resté, atakuwa alibaki nyumbani, nikadhani wamekubali. Mama wa Bukavu ndiye aliyevaa miwani na kuniwekea kidole juu ya herufi mbili za mwisho. Hiyo si sera, ni serait. Kilichobadilika ni i na t, na mtu ameshahama kutoka kundi la waaminifu hadi kundi la washukiwa.

Nimeipeleka barua darasani ingawa mwalimu alikuwa amepanga kipindi cha msamiati wa likizo. Ameisoma, ameomba ruhusa ya kuitoa nakala, kisha ameandika ubaoni sentensi tatu moja chini ya nyingine. Il est resté: alibaki, tunathibitisha. Il sera resté: atakuwa alibaki, hatukumwona lakini tunakisia hivyo. Il serait resté: anadai alibaki. Hii ya tatu ndiyo Wafaransa wanayoitumia magazetini wakitaka kuandika jambo bila kulibeba. Le ministre aurait démissionné, inadaiwa waziri amejiuzulu. Waziri akikanusha, gazeti halikusema kitu.

Mbrazili anayekaa mbele yangu akauliza tofauti hiyo inasikikaje. Kwa nafsi ya tatu inasikika wazi, sera na serait. Balaa liko kwenye nafsi ya kwanza. J'aurai ni nitakuwa, j'aurais ni ningekuwa, na Wafaransa wengi wanazitamka sawasawa. Mtu anaweza kukuahidi kitu kwa mdomo, na hutajua kama ni ahadi au ni majuto mpaka akuandikie.

Nimemwandikia wakala nikiomba wafute herufi i na t katika mstari wa pili. Sikuomba kingine.

Ijumaa, 15 Novemba

Tangazo limebandikwa ukumbini, karibu na masanduku ya barua. Limeandikwa kwa kompyuta, herufi kubwa, linahusu mapipa ya taka: "Merci de rentrer les bacs après que le camion soit passé." Tunaombwa kuyarudisha mapipa ndani baada ya lori kupita.

Saa moja asubuhi lilikuwa safi. Nilipotoka kazini jioni nilikuta soit imekatwa kwa wino mwekundu na juu yake imeandikwa sera. Mkono wa mtu mzima, mwenye hasira iliyotulia. Chini yake mtu mwingine, kwa penseli: "Kila mtu anasema soit." Chini ya huyo, wino mwekundu tena: "Kila mtu anakosea."

Mwekundu ana haki. Avant que, kabla, hufuatwa na subjonctif kwa sababu jambo bado halijatokea. Après que, baada, kanuni inaitaka ifuatwe na indicatif, hali ya uhakika, kwa sababu kufikia hapo jambo litakuwa limetokea, lori litakuwa limepita. Lakini Wafaransa wengi huziona ndugu hizo mbili na kuzivisha nguo sare. Hata redioni nimewasikia. Mwalimu anasema ni kosa ambalo Mfaransa hulifanya akijitahidi kuongea vizuri.

Jumamosi, 16 Novemba

Tangazo limeongezewa mstari kwa kalamu ya bluu: "Sawa, indicatif. Lakini nani anayarudisha?"

Hakuna aliyejibu. Mapipa yako barabarani.

Jumapili, 17 Novemba

Upepo. Tunakaa kwenye miteremko ya kilima cha Croix-Rousse, na pipa la kifuniko cha njano limeteremka hadi mtaa wa chini. Limeshuka lenyewe bila kushushwa na mtu, kwa hiyo être.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda mtaa wa Guillotière kununua gunia la mchele la kilo 20. Kurudi ni mstari D wa metro, usio na dereva tangu 1992, kisha A, kisha C, ambao unapanda kilima kwa reli ya meno. Yote yamekwenda salama. Dereva hayupo na hakuna lililoharibika.

Ngazi ni suala lingine. Jengo letu ni la wafumaji wa hariri wa zamani. Dari zina karibu mita nne, kwa sababu ndani ya vyumba hivi ilisimama mitambo ya kufuma ya Jacquard. Dari ikiwa mita nne, ghorofa tano ni safari, na joto lote unalolipia linakaa juu ya kichwa chako mahali ambapo huwezi kulifikia.

Kati ya ghorofa ya nne na ya tano gunia limepasuka kwenye mshono. Sauti yake ilikuwa nzuri, kama mvua inayoanza, na iliendelea kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mchele ulifuata ngazi moja moja, ukapumzika kidogo ghorofa ya tatu, ukaendelea.

Nikiwa nafagia nimepata faida moja ya kisarufi. Monter na descendre ni wakazi wa ile nyumba ya être, lakini vikipewa kitu cha kupandisha au kushusha vinahamia kwa avoir. Je serai monté, nitakuwa nimepanda. J'aurai monté le sac, nitakuwa nimelipandisha gunia. Na le riz sera descendu, maana mchele hakuna aliyeushusha. Passer, sortir, rentrer na retourner navyo vina tabia hiyo hiyo. Mama wa Bukavu alifungua mlango, akatazama, akarudi ndani, akatoka na ungo.

Jumatano, 20 Novemba

Zamu ya upatanisho. Ikiwa kisaidizi ni être, participe passé humfuata mtendaji: elle sera partie, ils seront partis. Ikiwa ni avoir, haimfuati mtendaji kabisa. Humfuata mtendwa, na hapo ni pale tu mtendwa anapotangulia. J'aurai épluché les pommes de terre, hakuna kitu. Les pommes de terre que j'aurai épluchées, ghafla e na s, kwa heshima ya viazi vilivyofika mapema. Herufi hizo mbili hakuna anayezisikia.

Kanuni hii inarudishwa kwa mshairi Clément Marot wa karne ya 16, ambaye mwaka 1538 aliifundisha kwa shairi, akiwachukua Waitaliano kuwa mfano. Mwaka 2018 walimu wawili wa Ubelgiji walipendekeza hadharani ile sehemu ya avoir iachwe, na zogo lake lilikuwa kubwa. Mwalimu wetu ameeleza haya kwa sauti ya kutuonea huruma, akasema wageni huwa wanaona upatanisho ni jambo zito.

Nimemwandikia: viazi nitakavyokuwa nimevimenya. Vi, vyo, vi. Zote zinasikika hadi barabarani. Akauliza kama ni hivyo kwa nomino zote. Nikamwambia hapana, viazi ni ngeli moja tu, na nikaanza kumtajia nyingine. Kipindi kikaisha.

Alhamisi, 21 Novemba

Alhamisi ya tatu ya Novemba, siku ya divai mpya ya Beaujolais. Mgahawa umejaa hadi mlangoni. Mteja mmoja ameagiza glasi ya divai hiyo na barafu. Mpishi mkuu ametoka jikoni kumwangalia, amerudi, akasema: "On aura tout vu."

Tutakuwa tumeona yote. Akaosha mikono.

Jumatatu, 25 Novemba

Tumesikiliza redio darasani. Meya mmoja wa kijijini amefariki, na mtangazaji akasema il aura servi sa commune, atakuwa amekitumikia kijiji chake. Nimeinua mkono. Marehemu amekwisha kutumikia, na hatarajiwi kuendelea. Mwalimu amesema ndiyo, haya ni matumizi ya kufunga hesabu: msemaji anajisogeza mbele, anakaa kwenye siku zijazo, kisha anageuka kuangalia maisha yote ya mtu yakiwa yamekamilika. Ndiyo maana taarifa za vifo hapa zimejaa aura na sera. Ukitaka kujua Mfaransa mashuhuri yuko hai au amekufa, sikiliza kisaidizi.

Nimemsimulia mama wa Bukavu. Akasema yeye akifa wamwandikie tu amekufa.

Jumatano, 27 Novemba

Mtihani mdogo. Swali lenye mtego ni la si, ikiwa. Si ya sharti haikubali wakati ujao wa aina yoyote. Husemi si j'aurai fini, unasema si j'ai fini. Mwalimu ana msemo wa kukumbukia: les scies n'aiment pas les raies, misumeno haiwapendi taa, kwa sababu kwa Kifaransa msumeno unasikika kama si na taa kama mwisho wa kitenzi. Akachora msumeno na samaki bapa mwenye mkia. Nimemweleza kwamba kwetu Tanga taa hukaushwa na kuliwa, na msumeno hauhusiki. Ameniambia nirudi kwenye swali.

Kuna si nyingine, ya kutojua, inayoukubali wakati huu bila shida. Mchana nilikuwa nimempigia dada wa mapokezi, naye akaniambia: "Je ne sais pas si le technicien aura fini sa tournée." Sijui kama fundi atakuwa amemaliza mzunguko wake. Nimeiandika kwenye mtihani kama mfano na nimepata alama zote.

Kuhusu zile herufi i na t, amesema ombi langu litakuwa limepelekwa kwa wahusika.

Jumatano, 4 Desemba

Fundi amefika. Ni kijana mpole, ana viatu vya plastiki vya kuvalia ndani ya nyumba za watu. Amefungua hita, ameimulika kwa tochi, amesema "ah." Ameifunga.

Anasema alifika kweli ile Ijumaa, na alipiga kengele. Nikamwomba anionyeshe alipopiga. Tulishuka wote hadi chini. Kitufe alichobonyeza kina jina la mpangaji aliyehama kabla yangu, na waya wake unaelekea kusikojulikana. Tumesimama pale tukikitazama. Il aura sonné, nimesema, atakuwa amepiga. Akanijibu hapana, amepiga, est-ce que je mens, kwani nasema uongo? Nikaona tunaelekea kubaya, nikamkaribisha chai.

Kinahitajika kipuri. "D'ici vendredi, on aura reçu la pièce, et quand elle sera arrivée, je repasserai." Kufikia Ijumaa watakuwa wamekipokea, na kikishafika atapita tena. Matumizi mawili katika pumzi moja, ya tarehe ya mwisho na ya jambo linalotangulia. Kwenye fomu ameandika arrivée kwa e ya ziada, kwa sababu kipuri ni cha kike. Kijana amesoma.

Ijumaa hakuitaja ni ipi.

Jumapili, 8 Desemba

Sikukuu ya Taa. Tangu 1852, ilipozinduliwa sanamu ya Bikira Maria kule Fourvière, watu wa Lyon huweka vimishumaa madirishani usiku wa leo, na siku hizi nusu ya Ulaya huja kuviangalia. Mama wa Bukavu amenigawia vyake sita. Nimevipanga dirishani na kwenda kazini.

Saa nne usiku nikamuuliza mpishi kama naweza kuondoka. Akatazama barabarani, watu wamesimama bega kwa bega kama foleni isiyo na dirisha. "Tu partiras quand ils seront partis." Utaondoka wakishaondoka. Nimeosha sufuria zilizokwisha kuoshwa.

Wameondoka saa nane. Metro ilikuwa imefungwa. Nimepanda kilima kwa miguu. Kofia ya mpira ilikuwa bado mfukoni mwa koti, nikaivaa, kulikuwa na manyunyu.

Jumatatu, 9 Desemba

Ujumbe kutoka kwa wakala. Wanasema kazi ya fundi imekamilika na faili limefungwa. "Vous aurez été satisfait, nous l'espérons, de notre intervention." Utakuwa umeridhika, tunatumaini, na huduma yetu. Inafuata fomu ya kutathmini, nyota moja hadi tano.

Nimegusa bomba. Baridi.

Nimeipitia sentensi yao neno kwa neno. Kisaidizi ni sahihi: être katika wakati huu huenda na avoir, ndiyo maana aurez été. Satisfait haina s, kwa kuwa wanazungumza na mtu mmoja kwa heshima. Koma zimekaa mahali pake. Fomu ilikuwa na kisanduku cha uchangamfu wa mfanyakazi, kisanduku cha kutunza muda na kisanduku cha uwazi wa mawasiliano. Cha maji hakikuwepo. Nimewapa nyota nne kwenye mawasiliano, na sehemu ya maoni nimewakumbusha kuhusu ile i na ile t.